Faili moja lilivyozima kompyuta milioni 8.5, na jinsi mafundi walivyozifufua

MNAMO Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa 1:09 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni ya CrowdStrike yenye makao makuu mjini Austin, jimbo la Texas nchini Marekani, ilisambaza kwa wateja wake duniani faili dogo la maelekezo ya usalama wa kompyuta. Huko Texas ilikuwa bado usiku wa Alhamisi.

Saa 2:27 asubuhi, dakika 78 baadaye, faili hilo liliondolewa na kubadilishwa. Lakini maji yalikwisha kumwagika. Kila kompyuta ya Windows iliyokuwa imewashwa, ikiwa na toleo jipya la programu ya kampuni hiyo na iliyounganishwa na mtandao katika muda huo, ilikuwa katika hatari ya kulipokea. Iliyolipokea ilizimika, ikajiwasha yenyewe, ikazimika tena, ikajiwasha tena.

Kampuni ya Microsoft, inayotengeneza Windows, ilikadiria kwamba mashine milioni 8.5 ziliathirika. Idadi hiyo ni chini ya asilimia moja ya kompyuta zote zinazotumia mfumo huo, na kwa hesabu hiyo mtu angeweza kudhani kuwa jambo lenyewe ni dogo. Hata hivyo, mashine hizo hazikuwa za nyumbani. Zilikuwa katika viwanja vya ndege, benki, hospitali, vyumba vya habari na vituo vya simu za dharura, kwa kuwa programu ya Falcon ya CrowdStrike huuzwa kwa makampuni na taasisi.

Nchini Uingereza, kituo cha televisheni cha Sky News kilishindwa kurusha matangazo yake asubuhi hiyo, na madaktari wengi walishindwa kufungua mafaili ya wagonjwa wao. Nchini India, baadhi ya abiria walipewa pasi za kupandia ndege zilizoandikwa kwa mkono. Safari za ndege zaidi ya 5,000 zilifutwa duniani kote siku hiyo moja.

Mtendaji Mkuu wa CrowdStrike, George Kurtz, alitangaza siku hiyo hiyo kwamba halikuwa shambulio la wahalifu wa mtandao. Lilikuwa kosa la kampuni yenyewe.

Kiini cha mfumo na draiva zake

Ili kufahamu kwa nini faili moja liliweza kuangusha kompyuta nzima, ni budi kwanza kufahamu namna mfumo endeshi unavyogawanywa.

Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua au ya kusomea tovuti, zinaweza kulinganishwa na wapangaji katika nyumba kubwa. Kila mpangaji ana chumba chake na hawezi kuingia cha mwenzake. Mpangaji mmoja akifanya fujo, hutolewa yeye peke yake na nyumba ikaendelea kukaliwa. Ndiyo maana programu moja ikiganda, mtumiaji huifunga na kuendelea na shughuli nyingine.

Kiini cha mfumo, ambacho mafundi hukiita kerneli, ndicho mwenye nyumba. Kinashika funguo za vyumba vyote, swichi kuu ya umeme na mabomba ya maji. Hugawa kumbukumbu ya kompyuta, huamua ni programu ipi itumie prosesa na kwa muda gani, na huongea na diski, kibodi na skrini. Hakuna aliye juu yake wa kumtoa nje akikosea.

Draiva ni vipande vya programu vinavyokisaidia kiini hicho kufanya kazi mahususi. Nyingi huhusu vifaa, kama printa au kadi ya mtandao. Lakini zipo zisizohusu kifaa chochote, na miongoni mwake ni zile za programu za ulinzi. Hizo hukaa ndani ya kiini kwa makusudi: zipate kuona kila faili linalofunguliwa na kila programu inayoanzishwa, na mhalifu asiweze kuzizima kwa urahisi.

Draiva ya CrowdStrike iitwayo csagent.sys ni ya aina hiyo. Zaidi ya hapo, imeandikishwa miongoni mwa draiva zinazopakiwa mwanzoni kabisa mwa kuwashwa kwa kompyuta, kabla mtumiaji hajaona sehemu ya kuingizia nenosiri. Sababu yake ni ya msingi, kwani mlinzi anayefika kazini baada ya mwizi hana faida.

Tatizo ni kwamba draiva ya kiini inapokosea, Windows haijaribu kuendelea. Husimamisha kila kitu na kuonyesha ile skrini ya bluu inayojulikana na watumiaji wengi. Wengi huiona skrini hiyo kuwa ndiyo maradhi. Kwa hakika ni kinga: kiini kisichoweza tena kuamini kumbukumbu yake kikiendelea kufanya kazi kinaweza kuandika takataka juu ya mafaili ya mtumiaji, na hasara ya namna hiyo ni mbaya kuliko kuzimika.

Na draiva inayokosea ikiwa ni ya mwanzoni mwa kuwashwa, kompyuta haitoki katika mzunguko huo. Inawaka, inapakia draiva, draiva inasoma faili baya, mfumo unasimama, mashine inajiwasha upya. Mtaalamu aliye mbali hawezi kuifikia kwa mtandao kwa sababu haikai hai muda wa kutosha.

Taarifa 20 na nafasi ya 21

Draiva yenyewe haikubadilishwa Julai 19. Ilikuwa imekwisha kupimwa na kupata kibali cha Microsoft kwa utaratibu wa kawaida. Kilichobadilika ni maelekezo ambayo draiva hiyo huyasoma.

CrowdStrike huyatuma maelekezo hayo mara kwa mara, wakati mwingine zaidi ya mara moja kwa siku, kwa kuwa wahalifu hubadili mbinu kila uchao. Yamo katika mafaili ambayo majina yake huanza na herufi C na kuishia na .sys. Mwisho huo uliwapotosha watu wengi waliodhani kuwa kila faili la aina hiyo ni draiva. Hayakuwa draiva, bali orodha za kanuni za utambuzi. Faili lenye namba 291 lilihusu njia za ndani ambazo programu za Windows hutumia kupeana ujumbe, njia ambazo baadhi ya wahalifu huzitumia vibaya.

Kwa mujibu wa ripoti ya uchunguzi iliyotolewa na CrowdStrike Agosti 6, 2024, chanzo kilianzia miezi mitano nyuma. Februari 2024 kampuni ilitoa toleo la 7.11 la programu yake, likiwa na kiolezo kipya cha kutambua mashambulizi ya aina hiyo. Kiolezo kiliainisha nafasi 21 za kujaziwa taarifa. Sehemu ya programu iliyopaswa kuzijaza nafasi hizo ilileta taarifa 20 tu.

Kosa hilo halikuonekana, na sababu ya kutoonekana kwake ndiyo inayofundisha zaidi katika mkasa wote. Kanuni za kwanza zilizotumwa kwa kutumia kiolezo hicho, kuanzia Machi hadi Aprili, ziliiwekea nafasi ya 21 alama yenye maana ya "chochote kile". Kwa kuwa chochote kilikubalika, draiva haikuwa na haja ya kwenda kutazama kilichomo. Majaribio yakapita, wateja wakatumia, hakuna aliyelalamika.

Julai 19 zilitumwa kanuni mbili mpya, na moja kati yake iliitaka draiva, kwa mara ya kwanza, itazame nafasi ya 21.

Ni mithili ya basi lenye viti 20 ambalo kondakta wake amepewa orodha ya abiria 21. Muda wote ambao hakuna anayemuuliza habari za abiria wa mwisho, safari huendelea. Siku anapoagizwa akamkague abiria wa kiti namba 21, hutoka nje ya basi likiwa mwendoni.

Draiva ilifanya hivyo hivyo. Ilisoma kumbukumbu iliyo nje ya mipaka ya orodha yake, ikakuta humo namba isiyohusika, ikaichukulia kuwa ni anwani ya mahali pengine katika kumbukumbu, na ilipojaribu kusoma anwani hiyo isiyokuwepo, Windows ikasimama.

Kulikuwa na kizuizi ambacho kilipaswa kulikamata kosa hilo mapema. Kila faili la maelekezo hukaguliwa na programu maalumu kabla ya kutumwa. Mkaguzi huyo naye aliandikwa kwa imani kwamba taarifa zingekuwa 21, akalipitisha faili. Vilevile draiva haikuwa na kipimo cha kuhakiki kwamba nafasi inayotakiwa kusomwa imo ndani ya orodha. Na faili lenyewe lilitumwa kwa wateja wote kwa pamoja badala ya kujaribiwa kwanza kwa wachache. Kasoro hizo zote zilikutana asubuhi moja.

Katika saa za mwanzo ulienea uvumi kwamba faili lilikuwa limejaa sifuri tupu. CrowdStrike ilikanusha kwamba sifuri hizo ndizo chanzo, na uchambuzi uliotolewa na Microsoft Julai 27 nao ulithibitisha kuwa kosa lilikuwa la kusoma nje ya mipaka ya kumbukumbu ndani ya csagent.sys.

Tiba ilikuwa nyepesi, kazi ilikuwa nzito

Kufuta faili moja kulitosha. Ugumu ulikuwa kulifikia.

Fundi alitakiwa kuiwasha kompyuta katika hali salama, ile inayoandikwa Safe Mode kwenye skrini, ambamo Windows hupakia draiva za lazima tu na kuziacha zile za makampuni mengine. Baada ya hapo aliingia katika folda ya Windows, kisha System32, kisha drivers, kisha CrowdStrike, akatafuta faili ambalo jina lake huanza na C-00000291, akalifuta na kuiwasha upya mashine. Aliyefanya kazi kwa uangalifu alitazama kwanza saa ya faili: lililotengenezwa saa 04:09 kwa saa za kimataifa lilikuwa baya, na la saa 05:27 au baadaye lilikuwa zima.

Wale walioshindwa kuingia katika hali salama walitumia mazingira ya ukarabati ambayo Windows huyafungua yenyewe baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo. Huko fundi huandika amri kwa mkono, na hukutana na mtego mmoja: diski ambayo kwa kawaida huitwa C inaweza kupewa herufi nyingine. Aliyeandika amri bila kutazama aliambiwa kuwa folda haipo, akadhani mashine yake ina tatizo tofauti.

Kazi hiyo kwa kompyuta moja ilichukua dakika chache. Kwa shirika lenye kompyuta 40,000 zilizotawanyika katika miji kadhaa, dakika hizo ziligeuka kuwa siku na wiki, kwa kuwa kila mashine ilihitaji mtu wa kusimama mbele yake. Skrini za matangazo zilizoning'inizwa juu ya kuta za viwanja vya ndege zilihitaji na ngazi.

Palikuwa pia na njia iliyoonekana kama mzaha: kuizima na kuiwasha kompyuta tena na tena. Haikuwa mzaha. Kati ya kuwaka na kuanguka hupita muda mfupi ambao programu ya Falcon inaweza kuwahi kuvuta faili jipya kutoka mtandaoni. Microsoft ilieleza kuwa baadhi ya wateja wake wenye seva zilizokodiwa katika vituo vyake walilazimika kuziwasha hadi mara 15 kabla hazijapona. CrowdStrike nayo ilishauri kutumia waya wa mtandao badala ya mtandao wa hewani, kwa kuwa waya huunganishwa mapema zaidi kompyuta inapowaka.

Kwa seva hizo za kukodi, ambazo hazina kibodi wala skrini ya kuonekana, mafundi walitenganisha diski ya seva mgonjwa, wakaiunganisha kwenye seva nyingine iliyo nzima kana kwamba ni diski ya akiba, wakafuta faili, kisha wakairudisha ilikotoka.

Ufunguo wenye tarakimu 48

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kilitokana na tahadhari nyingine ya usalama. Makampuni mengi hufunga diski za kompyuta zao kwa BitLocker, teknolojia ya Windows inayoyageuza maandishi yote ya diski kuwa fumbo, ili kompyuta ikiibwa mwizi asisome kitu. Diski iliyofungwa hivyo haifunguki katika mazingira ya ukarabati hadi mtu aingize ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48.

Kila kompyuta ina ufunguo wake. Funguo hizo huhifadhiwa katika seva za shirika, na katika baadhi ya mashirika seva hizo nazo zilikuwa katika skrini ya bluu. Ilibidi kwanza ifufuliwe seva yenye funguo, ndipo wafanyakazi wengine wafikiriwe. Kwingineko, mafundi waliwasomea wafanyakazi tarakimu 48 kwa simu, mmoja baada ya mwingine. Na aliyewahi kusomewa namba ya vocha ya simu katika kelele za kituo cha mabasi anaweza kukadiria ni mara ngapi kazi ilirudiwa. Kampuni moja nchini Australia ilipata ufumbuzi wa werevu: ilizigeuza funguo kuwa alama za mistari kama zile za bidhaa za dukani, na wafanyakazi wakazisoma kwa vifaa vya kuskani badala ya kuandika.

Mwishoni mwa wiki hiyo hiyo Microsoft ilitoa zana ya bure ya kuwekwa katika fleshi. Ilikuwa na njia mbili. Ya kwanza iliiwasha kompyuta kutoka katika fleshi na kulifuta faili yenyewe, lakini ilihitaji ufunguo wa BitLocker. Ya pili iliilazimisha kompyuta iingie katika hali salama, na kwa mashine nyingi haikuhitaji ufunguo, ingawa ilihitaji mtu mwenye akaunti ya msimamizi. CrowdStrike iliarifu kwamba hadi Julai 29 takriban asilimia 99 ya kompyuta zilizokuwa na programu yake zilikuwa zimerejea hewani.

Kwa msomaji ambaye kompyuta yake inaanguka wakati wa kuwaka kwa sababu nyingine kabisa, utaratibu haupishani sana na huo. Skrini ya kuanguka huandika jina la kosa na, mara nyingine, jina la faili la draiva iliyohusika. Kulinukuu au kulipiga picha ndiyo hatua ya kwanza. Hali salama ikikubali kufunguka, ni dalili kwamba diski na Windows yenyewe ni vizima na mtuhumiwa ni draiva iliyoongezwa. Mazingira ya ukarabati yana sehemu ya kuondoa sasisho la mwisho na ya kuirudisha kompyuta katika hali ya siku zilizopita. Ufunguo wa BitLocker ni wa kutafutwa kabla ya siku ya ajali, kwani kompyuta mpya nyingi hufungwa kwa teknolojia inayofanana na hiyo bila mwenyewe kufahamu, na ufunguo wake huwa katika akaunti ya Microsoft aliyoitumia alipoifungua kompyuta mara ya kwanza.

Hasara na mabadiliko

Shirika la ndege la Delta la Marekani lilichelewa kupona kuliko wenzake. Lilifuta safari zipatazo 7,000 katika siku tano, likataja hasara ya dola milioni 500, na Oktoba 2024 likaishtaki CrowdStrike katika mahakama ya jimbo la Georgia. CrowdStrike ilijibu kuwa ucheleweshaji huo ulitokana na mifumo ya Delta yenyewe. Mei 2025 jaji aliruhusu sehemu kubwa ya madai hayo iendelee kusikilizwa.

Tukio hilo halikuwa la kwanza la aina yake. Aprili 21, 2010, kampuni ya McAfee ilisambaza maelekezo ya antivirusi yaliyolidhania faili halali la Windows XP liitwalo svchost.exe kuwa ni kirusi, na kompyuta nyingi zikaingia katika mzunguko wa kuzimika na kuwaka. Wakati huo Kurtz alikuwa afisa mkuu wa teknolojia wa McAfee.

Septemba 24, 2024, kiongozi mwingine wa CrowdStrike, Adam Meyers, aliomba radhi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi la Marekani. Kampuni hiyo ilikwisha kuongeza kipimo cha mipaka ndani ya draiva, ukaguzi wa idadi ya nafasi wakati kiolezo kinapotengenezwa, na usambazaji wa hatua kwa hatua. Wateja nao walipewa uwezo wa kuamua ni lini wapokee maelekezo mapya.

Mjadala mkubwa zaidi ulihusu iwapo programu za ulinzi zinastahili kuwa ndani ya kiini. Kampuni ya Apple ilianza kuzitoa humo katika kompyuta zake mwaka 2019. Microsoft ilijitetea kwamba makubaliano yake ya mwaka 2009 na Tume ya Ulaya yanaitaka iwape washindani nafasi sawa na inayojipa yenyewe. Hoja hiyo ina ukweli wake, ila haikuizuia kutengeneza mlango mwingine kwa wote, itakiwe au isitakiwe. Juni 2025 ilitangaza kwamba makampuni ya ulinzi yangeanza kujaribu mfumo mpya unaowawezesha kufanya kazi yao nje ya kiini.

Pamoja na hilo, Windows 11 imeongezewa uwezo wa kujikarabati: kompyuta inayoshindwa kuwaka huingia mtandaoni kutoka katika mazingira ya ukarabati, hutafuta dawa kwa Microsoft na kuitumia bila fundi kuigusa. Toleo lililoleta uwezo huo mwaka 2025 lilibadilisha pia rangi ya skrini ya kuanguka. Sasa ni nyeusi, nayo huonyesha jina la draiva iliyosababisha ajali.